Usichemshe waridi: jibu kwa muuza faluda wa Tanga

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Tanga, nauza juisi na faluda jioni. Nataka niachane na ile shira nyekundu ya dukani, nitengeneze yangu ya maua halisi. Nanunua mawaridi kwa muuza maua, nayachemsha pamoja na sukari, kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, nusu saa hivi mpaka yalainike. Inatoka rangi ya kahawia, inanuka majani ya kuchemsha, na siku ya nne au ya tano chupa inaanza kutoa povu. Nilipozidisha sukari, ikaganda chini ya chupa. Nakosea wapi? Na je, asumini na choya (rosela) navyo vinatengenezwa vivyo hivyo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo manne kwa pamoja na kila moja lina chanzo chake. Harufu imeondolewa na moto. Rangi imeharibiwa na maji. Povu limeletwa na kipimo cha kikombe, na kuganda kumekuja kwa kukosa ndimu. Nitayapitia yote, lakini kwanza tuyaangalie hayo maua, maana hapo ndipo ningekushika mkono ningekuwa jikoni kwako.

Waridi la muuza maua si chakula. Mengi yanayouzwa mijini yanatoka kwenye mashamba makubwa, ya Arusha kwetu na ya Naivasha kwa jirani zetu, na yamelimwa ili yapambe meza. Hupuliziwa dawa za ukungu na za wadudu, na kwa kuwa hayahesabiwi kuwa mazao ya kuliwa, hakuna anayepanga siku za kusubiri kabla hayajaingia mdomoni mwa mtu. Kuyaosha hakutoshi, kwani dawa nyingine hupenya ndani ya ua. Na hata yangekuwa safi, yangekuangusha. Waridi la biashara limechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa shina refu na kwa kukaa siku nyingi kwenye maji, na katika kuchaguliwa huko harufu ikaachwa nyuma. Linuse mwenyewe. Ua bichi lisiponukia puani, halitanukia kwenye shira.

Unalolitaka ni waridi la uani, lile la pinki lenye petali nyingi laini, ambalo harufu yake inakufikia kabla hujainama. Tafuta kwa majirani wenye bustani, uliza kama wanapulizia dawa, omba kipande cha tawi ukapande. Wakati unasubiri kichaka chako kikue, nenda kwa wauza viungo ukaulize waridi kavu ya kula. Zile petali na vitumba vilivyokaushwa vizuri bado vina rangi ya pinki na vinanuka ukivisugua kiganjani. Vilivyogeuka rangi ya udongo vimekwisha. Gramu 25 za petali kavu hufanya takriban kazi ya gramu 100 za mbichi.

Ukishazoea kuchuma uani utajaribiwa na kila ua linalonukia. Usifanye hivyo. Oleanda, kile kichaka cha maua ya pinki na meupe kinachopandwa sana kwenye nyua na kando ya barabara, ni sumu kuanzia jani hadi ua. Mnanaha, wenye ua refu jeupe, nao ni sumu kali. Franjipani ina utomvu mweupe unaowasha. Kilua na langilangi tunavipenda sana watu wa pwani, lakini ni vya nywele, vya kikuba na vya kitanda cha bibi harusi. Viache huko huko. Kwa mtu anayeuzia watu, waridi, asumini ya kweli na choya zinatosha kabisa. Kama una jamaa Muheza mwenye michungwa isiyopuliziwa dawa, maua ya mchungwa ni ya nne, na unaweza kuyatumia kwa njia ile ile nitakayokueleza ya waridi, ila weka nusu ya uzito kwa sababu yana ukali wake.

Sasa moto. Harufu ya waridi imo kwenye mafuta mepesi mno, jeranioli na sitroneloli na wenzao, ambayo hupanda na mvuke mara maji yanapochemka. Ndiyo maana jikoni kwako kunanukia vizuri siku ya kupika. Jikoni kukinukia waridi, ujue harufu iko hewani, haimo kwenye sufuria. Wakati huo huo nusu saa ya kuchemka inakamua kutoka kwenye petali vitu usivyovitaka: ule ukakasi unaokausha ulimi na ladha ya majani. Kwa hiyo umetoa kizuri ukabakiza kibaya. Bahati nzuri, sehemu moja kubwa ya harufu ya waridi, inayoitwa fenilethanoli, huyeyuka kwenye maji bila shida na haihitaji kuchemshwa. Inahitaji muda tu.

Kanuni ninayoifuata ni hii: sukari ipikwe peke yake, ua liingie baadaye. Choya peke yake ndiyo inayovunja kanuni hiyo, na nitasema kwa nini.

Chukua petali gramu 100. Ni kama bakuli la lita 2 likijaa bila kushindilia. Chuma asubuhi umande ukishakauka na jua halijawa kali, maana jua la mchana hufukuza harufu. Chambua petali moja moja, na pale chini inapoungana na ua utaona kipande cheupe au cha njano: kikate kwa mkasi. Kazi hiyo inachosha na wengi huiruka, halafu wanashangaa shira ina uchungu unaobaki kooni. Wadudu wadogo hutoka wenyewe ukitandaza petali kwenye ungo kivulini kwa dakika kumi na tano. Ukiosha, osha upesi kwenye maji baridi, kisha zikaushe kwa kitambaa safi.

Tia petali kwenye bakuli la kioo au la stili. Ongeza sukari gramu 300 kutoka kwenye kilo yako moja, na maji ya ndimu mbili, vijiko vikubwa vitatu hivi. Sasa sugua kwa vidole. Usitwange, sugua tu, mpaka petali zinywee na sukari ianze kulowa. Hapa utaona jambo ambalo halichoshi kuangalia: petali za pinki iliyofifia zinageuka nyekundu mkononi mwako papo hapo, sekunde chache baada ya ndimu kuzigusa. Funika kwa sahani, acha usiku kucha. Sukari itavuta maji na harufu kutoka ndani ya petali, na asubuhi utakuta chini ya bakuli kuna kijimaji chekundu kizito. Hicho ndicho waridi lenyewe. Wahindi wana gulkandi yao inayoanza na kazi hiyo hiyo ya petali na sukari, ila wao huiweka juani siku nyingi na kuila pamoja na petali zake.

Asubuhi weka sukari iliyobaki, gramu 700, kwenye sufuria na maji gramu 400. Chemsha mpaka sukari yote iyeyuke na iendelee kutokota dakika mbili, kisha ipua. Iache ipoe hadi nyuzi 60 hivi za sentigredi. Huna kipimajoto, subiri mpaka uweze kushika ubavu wa sufuria kwa sekunde moja bila kuruka. Mimina juu ya petali, koroga taratibu sukari iliyobaki iishe kuyeyuka, funika vizuri, acha hadi jioni. Chuja kwa kitambaa cha melimeli kilichochemshwa. Kamua kidogo, usisonge kwa nguvu zako zote, kwa sababu tone la mwisho ndilo lenye ukakasi. Utapata lita moja au pungufu kidogo.

Nimekuandikia maji gramu 400 na siyo nusu lita, na si kwa bahati. Petali mbichi gramu 100 zina maji yake, karibu gramu 80 au zaidi, na ndimu ina maji yake. Ukitumia petali kavu, hapo ndipo uweke gramu 500.

Tukija kwenye rangi, wekundu wa waridi ni rangi inayofuata uchachu. Kwenye maji yenye ndimu hukolea, kwenye maji ya kawaida hufifia na kuelekea zambarau, kwenye maji yenye chokaa hugeuka kijivu au kahawia. Wewe uko Tanga, na sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Maji ya kisima ya pwani kwa kawaida yana chokaa nyingi kwa sababu hiyo. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, au ya chupa. Kwa shira lita moja gharama hiyo ni ndogo. Sufuria nayo iwe ya stili isiyoshika kutu. Sufuria za alumini tunazopikia wali huliwa na ndimu, na shira huchukua ladha ya chuma na weusi.

Usitegemee wekundu wa chupa ya dukani, lakini. Ule ni rangi ya kutiwa. Shira ya waridi halisi ni pinki, na baada ya wiki kadhaa kwenye mwanga huelekea rangi ya asali. Kama wateja wako wananunua kwa macho, tia choya kavu tatu au nne, yaani vile vikombe vyekundu vya ua na si vikombe vya kupimia, kwenye shira ya moto wakati wa kulaza petali. Choya huleta wekundu na uchachu kwa pamoja, na kwa kiasi hicho huwezi kuionja. Hii naiona bora mara mia kuliko rangi ya unga.

Sasa tufungue hesabu ya povu. Umesema kikombe kwa kikombe. Kikombe cha sukari kina gramu 200 hivi, na kikombe kile kile cha maji kina gramu 240. Ulidhani umeweka nusu kwa nusu, kumbe sukari ni asilimia 45 tu. Shira ya namna hiyo ni tamu kwetu na ni karamu kwa hamira. Hamira za porini zimo kwenye ua lenyewe, hewani na kwenye kitambaa chako. Zinakula sukari, zinatoa gesi na kileo, ndilo povu lako. Hata vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji vinafika asilimia 62 au 63. Sukari huanza kujilinda yenyewe karibu na asilimia 65, pale ambapo maji yote yameshikwa na sukari na vidudu havipati ya kunywa. Wafamasia wanalijua hili siku nyingi: shira yao ya kuchanganyia dawa hutengenezwa kwa uzito wa sukari karibu theluthi mbili ya jumla. Kwa hiyo nunua mizani ya jikoni, hata ile ndogo ya bei rahisi. Ndicho kifaa cha kwanza cha kazi hii, kabla ya chupa nzuri na kabla ya lebo.

Lakini huwezi kupanda bila kikomo. Kwenye joto la nyumbani maji hushika sukari mpaka asilimia 67 hivi. Ukipita hapo, inayozidi inarudi kuwa chenga, na ndiyo iliyokuganda chini ya chupa. Kwenye friji kikomo kinashuka kidogo, kwa hiyo shira nzito iliyokaa vizuri mezani inaweza kuganda kwenye friji. Dawa yake ni ile ile ndimu. Uchachu pamoja na joto huvunja sehemu ya sukari ikawa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa sukari za aina tatu hauwi mwepesi kuganda. Ndiyo maana wapishi wa kaimati wa zamani hawakosi ndimu kwenye shira, hata asiyeijua sababu. Kwenye shira ya waridi hapo juu, ukitaka kuwa na uhakika zaidi, kamulia ndimu moja kati ya zile mbili kwenye ile sukari inayochemka na ya pili ibaki ya petali. Halafu angalia kingo za sufuria: chenga zilizorukia juu zikidondokea kwenye shira iliyopoa, zinaita nyingine. Funika sufuria dakika ya kwanza ya kuchemka ili mvuke uzioshe, na ikishachemka usikoroge tena.

Ukizipata hizo asilimia 65 bado kuna mlango mmoja wazi, na ni wa kifuniko. Ukijaza shira ya moto ukafunga chupa, mvuke unapanda, unapoa chini ya kifuniko, unakuwa matone, matone yanadondoka juu ya shira. Maji ni mepesi kuliko shira kwa hiyo yanakaa juu bila kuchanganyika, utando mwembamba sana, na hapo ndipo ukungu unaotesha. Chini shira ni nzima, juu imeoza. Tikisa chupa ikishapoa, basi. Kazi ya sekunde tano.

Kwa chupa utakazoziweka nje ya friji, fanya hivi. Chemsha chupa za kioo tupu dakika kumi, jaza shira ukiacha nafasi ya vidole viwili juu, funga kifuniko kisha ukilegeze kidogo. Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, simamisha chupa, jaza maji mpaka shingoni, pasha polepole mpaka nyuzi 80, ile hatua ambayo vipovu vidogo vinapanda lakini maji hayajatokota. Zikae hapo dakika 20, zitoe, kaza vifuniko, ziache zipoe zenyewe. Nimechagua njia hii badala ya kuchemsha shira tena kwenye sufuria wazi kwa sababu harufu inabaki ndani ya chupa. Ikikaa gizani, chupa isiyofunguliwa itavumilia miezi mitatu bila wasiwasi. Ikifunguliwa, iende friji, uimalize ndani ya mwezi mmoja. Ikitoa gesi, ukungu au harufu ya pombe, imwage yote. Kuichemsha upya hakuirudishi.

Asumini haifuati njia ya waridi. Ua hili hufunguka jioni na kuendelea kutoa harufu usiku kucha hata likiwa limeshachumwa, ndiyo maana akina mama wa pwani huchuma vitumba kabla ya magharibi. Tumia tabia hiyo. Chuma vitumba vinene vyeupe, toa vikonyo vya kijani, viache vielee juu ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, kwenye bakuli lenye mfuniko. Thailand wana maji ya asumini ya namna hiyo hiyo kwa vitamutamu vyao. Alfajiri toa maua kabla hayajageuka rangi, kwa sababu asumini iliyonyauka inanuka mboga. Jioni rudia na maua mapya kwenye maji yale yale, mara mbili au tatu. Kisha yeyusha sukari humo bila moto: maji nusu lita, sukari kilo 1, ndimu kidogo, tikisa chupa kila unapopita mpaka iyeyuke, inaweza kuchukua siku nzima. Kwa kuwa haijapashwa moto, iweke friji na uitumie ndani ya wiki moja au mbili. Kwa kweli hii ni shira ya wageni na ya sikukuu. Kwa biashara ya kila jioni itakuchosha.

Choya ni mwanafunzi tofauti kabisa. Tunachotumia si petali. Ni vile vikombe vinene vyekundu vinavyobaki ua likishaanguka. Havina harufu ya kupotea, vina rangi na uchachu, na ni vigumu, kwa hiyo moto unavifaa. Suuza gramu 100 za choya kavu upesi kutoa mchanga. Chemsha na maji lita 1, kipande cha tangawizi kilichopondwa, mdalasini na karafuu tatu, dakika kumi tu, funika na uache nusu saa. Chuja. Pima uzito wa maji uliyopata, weka sukari mara moja na nusu ya uzito huo kama itakaa friji, au mara mbili kama itakaa nje. Pasha mpaka iyeyuke na ichemke mara moja. Huhitaji ndimu, na kuganda utakusahau. Ukichemsha choya muda mrefu wekundu unahamia kwenye kahawia, kwa hiyo usidhani moto mwingi utakupa rangi zaidi; ukitaka rangi zaidi, ongeza choya. Wateja watakuambia inaongeza damu kwa sababu ni nyekundu. Wewe uza kinywaji, usiuze tiba, hasa ukikumbuka sukari iliyomo.

Kuhusu sukari hiyo, kwenye glasi anza na shira mililita 30 kwa maji baridi 200. Kiasi hicho cha shira ya waridi kina sukari gramu 26 hivi, zaidi ya vijiko sita vya chai, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Ndiyo sababu nakushauri uvutie harufu kuliko utamu. Onja kinywaji kikiwa na barafu ndani, siyo kikiwa cha vuguvugu jikoni, kwa maana baridi hupunguza utamu na kuficha harufu, na ukionja vibaya utazidisha au utapunguza.

Faluda na maziwa ni mahali pa waridi. Choya usiithubutu kwenye maziwa: uchachu wake unayakata mbele ya mteja. Shira ya waridi yenye ndimu mbili kwa lita haiyakati kwa kipimo cha glasi, mradi maziwa yawe baridi na mapya na shira iingie mwisho. Ukitaka harufu zaidi, ongeza tone la marashi mawaridi ya kula. Yale ya Jabal Akhdar, Oman, yanayotengenezwa kila masika mawaridi yanapochanua mlimani, yana moshi kidogo kwa sababu ya majiko ya udongo ya kienyeji, na mimi nayapenda kwenye maziwa kuliko yale yasiyo na moshi. Ila soma chupa kabla hujanunua. Kuna marashi ya kunyunyizia wageni msibani na harusini ambayo yana manukato ya kutengenezwa, nayo hayaliwi.

Kwenye kaimati na visheti shira huwa nzito zaidi, mpaka ikishika uzi katikati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa Tanga hiyo ni nyuzi 105 au 106. Wasomaji wa Lushoto, Arusha au Nairobi wasifuate namba hiyo, kwa sababu huko juu maji yenyewe huchemka chini ya 100. Nairobi ni kama 94. Pima kwanza maji yako matupu yanachemka nyuzi ngapi, halafu ongeza tano au sita. Iliki na zafarani ziingie mapema. Shira ya ua au marashi yaingie moto ukishazimwa na kaimati ziko tayari kutumbukizwa.

Kama utauza kwa glasi kwenye meza yako, anza hata kesho. Kama unafikiria kuuza chupa zilizofungwa, hilo ni jambo la leseni: tangu 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya TBS (Shirika la Viwango), na ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa wako huwasaidia wajasiriamali wadogo kujiandaa kwa ukaguzi. Kabla ya kwenda huko, tengeneza mkupuo mmoja, andika tarehe kwenye kila chupa, weka chupa mbili rafuni na mbili kwenye friji, na usiziguse kwa mwezi mzima. Fungua moja moja kila upande, nusa, onja, angalia uso wa shira chini ya kifuniko. Zikiwa sawa zote, niandikie unieleze ulitumia waridi gani, na kama ulifikisha gramu 100 au uliishia 60 kama wengi wanavyoishia mwanzoni. Kwa gramu 60 punguza sukari na maji kwa kiwango kile kile. Usinyooshe harufu kidogo kwenye shira nyingi.